Baraza la Turubai Kule Kalehe

Vijana wa ateliye, karakana yetu ya kushona, mlinipigia makofi siku ya kuniaga, kisha mkaniomba niwaandikie kazi ilikuwaje kabla yenu. Tangu hapo nimekaa nyumbani mtaa wa Kasha, na mke wangu amekwisha choka kuniona nikipima mapazia yasiyo na kasoro. Kwa hiyo naandika. Msitafute humu nani alipandishwa cheo mwaka gani; hayo hata mimi nimeyasahau. Nitawaambia nilivyoingia, nani alinifundisha, na kazi moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka, vinyweleo vya mikono hunisimama.

Niliingia wakati wa Zaïre. Ateliye yetu ilikuwa mtaa wa Kadutu, hapa Bukavu, chini ya soko, nyuma ya gereji iliyobadilisha jina mara nyingi kuliko ilivyobadilisha vifaa. Mbele walikaa mafundi wa injini, nyuma sisi wa turubai na viti. Mvua ikinyesha, maji yote ya soko yalipita kwetu yakibeba majani ya sombe, maganda ya ndizi na, siku moja, kuku mzima aliye hai. Tulishona maturubai ya malori ya chai, viti vya pikipiki, mahema ya harusi. Siku zile kila mtu alikuwa citoyen, yaani mwananchi. Padri alinipa jina la ubatizo, serikali ikaliondoa, na mkubwa wa gereji, kwa kuwa hakukumbuka hilo wala la ukoo, aliniita "weye wa bashi". Bashi ni turubai, kama mjuavyo. Jina langu ni Mugisho.

Siku ya kwanza nilimkuta Papa Birindwa amekaa kwenye kiti kifupi, turubai la lori limemfunika mapaja kama blanketi. Alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo. Hakuinua uso.

"Leta mikono," alisema.

Nikampa. Akaipapasa kidole kwa kidole, akabonyeza ngozi ya kiganja.

"Ulikuwa unalima?"

"Ndiyo, Papa. Kwetu Kabare."

"Muzuri. Mutu wa jembe haogopake bashi. Weka uzi mu shindano."

Sindano zake zilikuwa zimechomekwa kwenye kipande cha mpira wa gurudumu, kubwa kwa ndogo, zilizonyooka na zilizopinda. Nikazitia uzi zote. Kesho yake akaniambia vilevile, na kesho kutwa. Nilidhani ananifundisha unyenyekevu, kama wanavyofanya seminarini, nikajisemea moyoni kwamba mzee huyu ana majivuno kidogo. Miezi ikapita hivyo. Asubuhi moja nilikuja na viatu vipya vya mpira visivyo na kishindo, nikamnyooshea kikombe cha chai. Mvuke ulikuwa unampanda usoni kabisa. Hakukipokea. Aligeuza kichwa pembeni, akauliza, "Kuko mutu?"

Hapo ndipo nilipomtazama macho. Katikati ya kila jicho kulikuwa na kitu cheupe, kama tone la maziwa ndani ya maji. Alikuwa anaona mwanga na kivuli tu, basi.

"Papa," nilisema, "sitamwambia mtu."

"Bote banajua," akajibu, akipapasa mpaka akapata kikombe. "Ni weye tu njo haukujua."

Huyo ndiye aliyenifundisha. Yote mliyoniona nikiyafanya kwa vidole, nimeyatoa kwake. Alipima mshono kwa ukucha wa kidole gumba. Alijua turubai lililooza kwa kulisikiliza: alishika pembe mbili, akalivuta ghafla karibu na sikio. Turubai zima hutoa sauti nzito, mara moja. Lililooza hulia kama karatasi ya sukari. Alinifundisha kuvaa ile ngozi ya kiganja inayosukuma sindano, kupitisha uzi kwenye nta kabla ya kushona, na kutopiga pete ya shaba kwenye pindo la safu moja hata mwenye gari akiapa kwamba ana haraka. Mwenye gari huwa ana haraka siku zote. Turubai likichanika Kamituga ndani ya matope, atakutukana wewe, siyo haraka yake.

Sasa nifike kwenye gari.

Wazungu wawili wazee, mume na mke, walitoka kwao wakiwa na nia ya kufika mwisho wa Afrika kwa barabara. Walifika Bukavu. Injini iliwafia njiani, wakavutwa na lori la ndizi mpaka gereji yetu, wakaangalia barabara iliyokuwa imebaki, wakapanda ndege. Gari waliliachia hospitali ya misheni. Lilikuwa gari zee tayari, lakini lilikuwa nyumba nzima juu ya magurudumu: jiko, kitanda, kabati, madirisha yenye mapazia ya maua. Watu wa Kadutu walikuja kulitazama kama maonyesho. Mama mmoja aliuliza kama lina choo. Nilipomwonyesha, alipiga ishara ya msalaba.

Hospitali ilimpa gari hilo Dokta Mastaki, kijana wa kule Walungu aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomo ya macho. Alikuwa mwembamba, na alitembea haraka mno kwa mji wa vilima kama wetu. Alitoa kitanda, akaweka meza ya kupasulia. Alikuwa na wazo moja tu, nalo alilirudia kwa kila aliyemsikiliza: kipofu hasafiri, kwa hiyo daktari wa macho lazima asafiri yeye. Mafundi wa mbele walipomaliza injini, alikuja nyuma kwetu.

"Bapapa, kuko kintu ku ubavu ya ile gari. Ni baraza ya bashi, inajikunja. Munaweza kuitengeneza?"

"Baraza ku gari?" Papa Birindwa aliuliza, na mkono wake uliokuwa na sindano ukasimama.

Nilikwenda kutazama. Chini ya paa, ubavuni, kulikuwa na bomba refu la aluminiamu lililoviringishiwa kitambaa. Mikono miwili ya chuma ilikuwa imelala kwenye ukuta wa gari. Dokta alieleza: unavuta ukanda, kitambaa kinatoka, unasimamisha mikono, una baraza. Ukitaka kufunga, unafyatua kikufuli kidogo mwishoni mwa bomba, na bomba lenyewe linameza kitambaa. Ndani yake kuna resori, springi ndefu iliyojipinda kama utumbo.

Nilivuta ukanda. Kitambaa kilitoka kidogo, kikapasuka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Bomba lilipobaki bila kizuizi likaanza kuzunguka lenyewe, likinguruma, likirusha vipande vya kitambaa kilichooza na viota vya nyigu. Mafundi wa injini waliingia chini ya lori. Dokta alilala kifudifudi. Papa Birindwa peke yake hakujongea, kwa sababu hakuona kitu cha kukimbia.

Kulipotulia alisema, "Rudia."

"Haiwezi kurudia, Papa. Imepasuka."

"Basi unipeleke."

Nilimshika kiwiko nikampeleka. Aliweka viganja vyote viwili juu ya bomba, akaegemeza sikio, akagonga kwa kifundo cha kidole, akagonga tena mbele kidogo. Uso wake ulifunguka, akawa kama mtu anayesikia kwaya kwa mbali.

"Ndani muko nguvu," alisema polepole. "Mutu aliikalisha mule nguvu, na ingali inangoja."

Hata mimi nilishangaa. Nilizoea turubai linalofungwa kwa kamba na kulala pale ulipoliacha. Sikuwa nimeona turubai lenye nia yake.

Kazi ile ilituchukua wiki nyingi, na kwa kuwa magari ya namna hiyo yanaweza kurudi siku moja barabara zikipona, nawaachia jinsi tulivyofanya. Kabla ya kufungua kifuniko cha mwisho wa bomba, toboa tundu, pitisha msumari mnene unaoshika resori na bomba pamoja. Usitegemee mkono wa mtu, hata awe na nguvu gani. Resori haichoki, mtu huchoka. Ncha ya resori yetu ilikuwa karibu kukatika. Tulimpelekea mhunzi wa Kadutu, akapasha moto ile ncha peke yake, sehemu nyingine tumeifunga matambara yenye maji, kwa maana resori ikipashwa moto yote hufa, inabaki waya. Kikufuli kilikuwa kimelika meno. Tukachonga kingine kwa tupa kutoka kwenye chuma cha springi ya lori. Kile kipande kinachoteleza ndani ya mkono wa baraza kilikuwa cha plastiki, kimevunjika. Tukachonga cha libuyu, mti mgumu wa kwetu, na kukisugua mafuta. Kamba ya ndani ya pindo, ile inayopita kwenye mfereji mwembamba wa chuma ubavuni mwa gari na kushika kitambaa, tulitumia ya nyavu za wavuvi. Katani hunywa maji ikavimba, na pindo halitoki tena.

Kitambaa chenyewe kilitusumbua kuliko chuma. Nilileta turubai la kijani la jeshi, imara, jipya karibu. Dokta alisimama chini yake, akatazama mkono wake, akatikisa kichwa.

"Hapana, Papa. Chini ya hii batu bote banaonekana sawa vile bagonjwa. Minapaswa kuona weupe ya jicho. Na jicho yenye inatoka kufunguliwa, jua ya inje ni kisu. Ndani ya nyumba nako giza, sioni kama kidonda imefunga. Munipatie mwangaza ya katikati."

Mwangaza wa katikati. Papa Birindwa aliyarudia maneno yale siku nzima kama mtu anayetafuta jina la ndugu. Kisha akanituma nikalete amerikani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi. Tulishona safu mbili. Misheni ilitupa vipande vya mishumaa iliyokwisha, gunia zima, tukaviyeyusha pamoja na nta ya nyuki tukavipaka kitambaa kikiwa kimetandazwa juani, tukisugua kwa chupa mpaka nta ikazama. Ateliye ilinuka kama Pasaka.

Siku ya kujaribu tulivuta baraza lote. Lilitoka kimya, likanyooka, kikufuli kikalia *tak*. Sisi wote tuliingia chini tukanyamaza. Mwanga ulioshuka ulikuwa laini, wa manjano kidogo, na nyuso za watu zilionekana wazi bila mtu kukunja jicho. Dokta alitazama mkono wake tena. Halafu, badala ya kutushukuru, alimshika Papa Birindwa kidevu, akaugeuza uso wake juu.

"Papa, hii ni cataracte, mutoto ya jicho. Inatokaka. Ninaweza kuitoa."

"Na ukikosa?"

Dokta hakumdanganya. "Nikikosa, unapoteza na ile mwangaza kidogo yenye ilibakia."

"Basi uache. Ile kidogo ni yangu."

Gari likaondoka na baraza lake, likaenda Walungu, likarudi. Sisi tukarudi kwenye malori ya chai. Lakini Papa Birindwa alianza kuniuliza maswali. Ile amerikani, baada ya nta, ilikuwa na rangi gani? Nikamwambia, maziwa yaliyotiwa asali kidogo. Na mshono ulionekana, au ulizama? Na watu walipoingia chini walifanya nini? Nikamwambia walinyamaza. Siku moja aliweka kazi chini.

"Mugisho, niliishona yote, pindo kwa pindo. Na sijue inafanana nini."

Jioni mke wake, Maman Nsimire, alipokuja kumchukua kama kawaida yake, Papa alimwambia mbele yangu kwamba gari likienda Kalehe, kando ya ziwa, naye atakwenda kupasuliwa jicho. Maman Nsimire alikaa chini juu ya rundo la matambara. Alikuwa amemwomba jambo hilo tangu Dokta alipolisema, akakataliwa kila mara, na sasa alionekana kuogopa kuliko mumewe.

Waliondoka. Mimi nilibaki Kadutu na funguo za ateliye, nikijiona mkubwa. Kisha asubuhi moja Lwaboshi, dereva wa gari lile, aliingia akiwa ameshuka kwenye gari la mfanyabiashara wa samaki, matope mpaka magotini.

"Mugisho, kamata vyombo. Baraza imevunjika."

"Nani ameivunja?"

"Upepo ya ziwa. Mvua ilitoka upande wa kisiwa ya Idjwi, tukakosa nafasi ya kuikunja. Na kesho asubui Dokta anafungua macho ya batu. Batu bengi. Hakuna kivuli yenye kufaa."

"Papa Birindwa?"

"Alipasuliwa jicho moja. Amefungwa kitambaa, anangoja na benzake."

Barabara ya Kalehe wakati wa mvua mnaijua. Tulifika jua limekwisha pita katikati ya mbingu. Gari lilikuwa limesimama kwenye uwanja wa zahanati, ziwa likionekana chini, na baraza langu limening'inia kama bawa la ndege aliyepigwa jiwe. Nasema langu; siku ile niliona hivyo. Mkono mmoja ulikuwa umepinda na ribiti yake, pini ya kiungo, imekatika. Nusu ya kitambaa ilikuwa imetoka kwenye mfereji, pembe moja imechanika. Resori ilikuwa imelegea yote.

Kando ya ukuta, kwenye mabenchi, walikaa wagonjwa. Kila mmoja alikuwa na kitambaa cheupe kwenye jicho au macho yote mawili, na kila mmoja alikuwa na ndugu yake wa kumtunza: binti, mke, dada. Walikuwa wametulia mno. Walikuwa wanasikiliza vyombo vyangu vikishuka garini.

"Ni Mugisho?" Papa Birindwa aliuliza kutoka katikati ya benchi.

"Ni miye, Papa."

"Kuja nishike ile mukono yenye ilipinda."

"Papa, unakaa," alisema muuguzi, mama mmoja imara aliyekuwa anapita nyuma yao kama askari. "Ukiinama, ukivuta nguvu, kidonda inafunguka. Hapo hata Dokta hawezi kitu."

Basi nilikuwa peke yangu. Ninyi mmezaliwa mkanikuta nikitoa amri, kwa hiyo hamwezi kujua ilivyo mara ya kwanza mtu anaponyoosha mkono nyuma kutafuta mwalimu na mwalimu amekatazwa kusimama. Nilishona pembe kwanza kwa kiraka cha safu mbili, maana kushona kulikuwa kunanituliza. Mkono uliopinda tuliunyoosha mimi na Lwaboshi kati ya mawe mawili. Ribiti haikuwapo. Nilitazama kila mahali kwenye gari nikapata bulonji, bolti yenye unene ule ule, iliyoshika kiti cha dereva, nikaifungua. Lwaboshi alirudi Bukavu baadaye akicheza kulia na kushoto kama mtu aliyeko kwenye pirogi, mtumbwi wa ziwani, na hakunisamehe mapema.

Ikabaki resori. Ilibidi mmoja ashike bomba juu na mwingine alizungushe mpaka nguvu irudi ndani, halafu msumari uingie tunduni, mikono ifungwe, ndipo msumari utoke. Kitambaa nilikuwa nimekirudisha kwenye mfereji, lakini kilining'inia wazi, kwa sababu mfereji ulikishika upande mmoja tu. Nilizungusha. Nilihisi ile nguvu ikikusanyika chini ya viganja vyangu, zamu kwa zamu, mpaka bomba likaanza kutetemeka. Na hapo upepo wa alasiri ukapanda kutoka ziwani.

Uliingia chini ya kitambaa ukakiinua kizima. Lwaboshi alinyanyuliwa akabaki kwenye ncha za vidole vya miguu. Bomba lilianza kunitoka. Nyuma yetu, hatua chache tu, yalikuwa mabenchi, na watu waliokaa pale wasingeona chuma kikija. Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini.

Sauti ndogo ya Papa Birindwa ilitoka kwenye benchi, na sijawahi kuisikia kubwa vile.

"Upepo inaingia chini?"

"Inaingia, Papa!"

"Bamama! Banyi benye munatunza bagonjwa! Musimame, mushike pindo! Bote! Musivute! Mushike tu, sawa vile munashika mutoto mwenye analala!"

Wakasimama. Mabinti, wake, dada, mmoja na mtoto mgongoni, walikimbilia ukingo wa turubai wakaushika safu nzima, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyewahi kushika turubai maishani mwake. Kitambaa kilijaa upepo kama shavu la mpiga tarumbeta, kikawavuta, wakajongea nacho hatua moja mbele, hatua moja nyuma, hawakukiachia. Muuguzi alikuwa amemgandamiza Papa Birindwa mabegani kwa mikono yote miwili, naye akiendelea kuita, "Polepole! Muiache ipumue!" Wagonjwa wengine walikuwa wameinua nyuso zao zilizofungwa, midomo wazi, wakisikiliza.

Bomba likatulia mikononi mwangu. Nikaongeza zamu, nyingine tena, nikaona tundu likija, nikasukuma msumari. Uliingia. Tukafunga mikono, nikakaza bulonji, nikatoa msumari. Kikufuli kikashika, *tak*, na turubai likanyooka juu ya vichwa vya wale wanawake. Wakabaki wameinua mikono hewani, wakishangaa kwamba hakuna tena kitu cha kushika. Kisha mmoja akaanza kucheka, na wote wakacheka.

Asubuhi jua lilitoka kali, hewa imeoshwa. Wagonjwa waliletwa chini ya baraza mmoja mmoja wakakalishwa. Dokta Mastaki, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona akitembea polepole, alifungua kitambaa cha kwanza. Kilikuwa cha bibi mmoja mwembamba sana. Dokta alikagua jicho, akamvalisha miwani mizito kama kitako cha chupa, maana waliotolewa cataracte wakati ule hawakuweza kuona bila hiyo. Bibi alimtazama binti yake. Alinyoosha mkono akamshika pua, akaipapasa juu hadi chini, miwani ikimteremka, kama mtu anayehakikisha kwamba kile anachokiona na kile alichokijua kwa vidole ni kitu kimoja.

Ilipofika zamu ya Papa Birindwa, nilisimama nyuma ya Lwaboshi. Kitambaa kilitoka, miwani ikaingia. Aliinua uso juu, akabaki hivyo. Dokta alingoja. Sisi sote tulingoja. Maman Nsimire alikuwa amekamata pindo la kikwembe, kitenge chake, kwa meno.

"Papa," Dokta aliuliza, "unaona?"

Papa alisogeza miwani kwa kidole, uso bado juu.

"Papa Birindwa?"

"Uache kwanza," alisema bila kushusha kichwa. "Niko naangalia mushono."

Aliuangalia wote, kutoka ukutani mwa gari mpaka kwenye bomba. Alisimama kidogo kwenye kiraka changu cha jana. Kisha akashusha macho, akayapitisha juu yetu, mmoja baada ya mwingine.

"Mugisho iko wapi?"

"Niko hapa, Papa."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefanya kazi ubavuni pake miaka, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitia machoni.

"Nilizania uko mufupi," alisema.

Walicheka watu. Mimi sikuweza. Kisha akamgeukia Maman Nsimire, na yeye, mama mzima aliyemshika mkono kila jioni kutoka Kadutu, alijifunika uso kwa kikwembe kama bibi harusi. Papa alichomwambia alikisema kwa Mashi, lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini, nasi tukatazama pembeni.

Nitawaambia hapa hapa kwamba alirudi ateliye na ile miwani, akanifundisha tena miaka mingi, safari hii akiona kila nilipokosea, jambo ambalo halikunifurahisha kila siku. Jicho la pili Dokta alilitoa baadaye. Gari lile lilizunguka Kivu mpaka chuma chake kikachoka, na kila kitambaa cha baraza lake nilikishona mimi.

Lakini siku ile ya Kalehe, baada ya jicho la mwisho kufunguliwa, nilikwenda kushika kikufuli nikunje baraza. Dokta alinizuia kwa kidole. Nikageuka nikaona kwa nini. Hakuna aliyekuwa ameondoka. Walikaa chini ya ule mwanga, wazee na vibibi na miwani yao mikubwa, wakitazama mbele. Mbele yao hapakuwa na kitu cha ajabu: mbuzi aliyefungwa kamba, moshi wa jikoni, mwanamke akianika sambaza, dagaa wa ziwa letu, juu ya mkeka, na nyuma yake ziwa. Bibi yule wa kwanza alimtazama mbuzi mpaka mbuzi akamaliza majani yake akalala. Papa Birindwa alifuata moshi kwa macho mpaka ulipoishia, akarudi chini, akaufuata tena.

Niliweka koleo chini, nikaketi mwishoni mwa benchi. Lwaboshi alikuja akaketi karibu nami. Tukakaa pale tukiwatazama wakitazama, hata kivuli cha baraza kikahama miguuni mwetu, na hatukuona sababu ya kuinuka.